Mwezi wa Siku Tano

Jumamosi, Nehase 28

Nimepata kazi! Naandika tena ili niamini mwenyewe. Mimi, Gashaw Teferra, mkazi wa Gulele, Addis Ababa, umri miaka thelathini na mitatu, nimepata kazi. Na si kazi ya kubeba. Umeneja!

Tangazo nililiona juzi kwenye nguzo ya umeme mbele ya kinyozi. Wanatakiwa mameneja arobaini. Elimu yoyote. Uzoefu hauhitajiki. Mshahara mnono. Kazi yenyewe haikutajwa. Nikajisemea moyoni kwamba kazi kubwa haianikwi ovyo barabarani. Na kweli. Leo nimetoka kwenye usaili na bado hawajaitaja.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja nyuma ya soko. Tulikuwa kama themanini. Swali lilikuwa moja tu: nani hapa anataka utajiri? Nikanyoosha mkono upesi. Nimefaulu! Tumefaulu wote themanini, jambo linaloonyesha jinsi tangazo lile lilivyovuta watu wenye akili.

Bosi wetu ni Daktari Yonatan. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza ni daktari wa nini. Akajibu kuwa ni daktari wa mafanikio. Tukapiga makofi. Tumepiga makofi sana leo, viganja vinaniwaka. Suti yake ya buluu inang'aa, hasa viwikoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kampuni inaitwa Nyota Saba Kimataifa. Makao makuu yako ng'ambo. Ng'ambo ipi, hakuna aliyeuliza, na mimi sikutaka kuonekana mshamba.

Wakati wenyewe ndio huu. Siku ya Mwaka Mpya, Meskerem 1, wazee wangu watatu wanakwenda kwa Mzee Mekuria kuniposea binti yake, Aselefech. Swali la kwanza la baba yeyote wa mji huu linajulikana: kijana anafanya kazi gani? Hadi juzi jibu langu lilikuwa kukohoa. Nampenda Aselefech miaka miwili sasa, na miaka miwili nimekohoa. Basi! Kikohozi kimepona.

Jumapili, Nehase 29

Nimekwenda kumpa Aselefech habari njema. Nimemkuta kibarazani kwao, kwenye cherehani yake, pini zimejaa mdomoni. Hakuruka kwa furaha. Ameuliza kampuni inauza nini. Sijui. Ofisi iko wapi? Hotelini. Wakiondoka hotelini je? Sijui. Kwa nini walitaka arobaini wakachukua themanini? Nikamwambia maswali yake yananuka wivu.

Akatoa pini mdomoni. Aselefech akitoa pini mdomoni, ujue mambo yamekuwa mazito.

"Gashaw, sikiliza. Kazi humlipa mtu, mtu hailipi kazi. Siku watakapokwambia utoe hata senti moja, simama uondoke, usiage."

Nikamwahidi. Senti moja, naondoka. Mtu mwenyewe ni mimi, nani atanidanganya?

Kumbe naye alikuwa na habari. Bi Zenebech, mteja wake, ana kinu cha kusaga nafaka ya tefu. Anataka mtu wa kupokea magunia na kuyapima. Kuanzia Meskerem 2, mshahara kila mwisho wa mwezi, na unga wa nyumbani juu. Aselefech amekwisha kuniombea. Bi Zenebech anataka jibu kabla ya Pagume kwisha, yaani kabla ya Mwaka Mpya.

Nikawaona akilini wazee wangu wamesimama mbele ya Mzee Mekuria wanasema: kijana wetu anapima magunia. Na mimi nyuma yao, nyusi nyeupe kwa unga kama babu. Nikacheka. Aselefech hakucheka. Alirudisha pini moja moja mdomoni, polepole, na kila moja niliisikia mimi.

Jirani yangu Demeke alikuwapo, amefuata suruali yake. Demeke tunapakana ukuta. Kila asubuhi hung'arisha viatu uani huku akivuma kama nyuki, na kila suruali yake hupasuka mahali panapohitaji Aselefech aitazame kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole, upole wake ule wa kinafiki, kama nafasi ya kinu mimi siitaki, je, yeye anaweza kuulizia? Nikamwambia aichukue na magunia yake. Maskini. Wengine wamezaliwa kuokota makombo.

Jumatatu, Nehase 30

Leo nimefanya jambo la akili kuliko yote maishani mwangu. Nacheka peke yangu hapa chumbani.

Asubuhi tumepewa mikataba. Watu wakatia sahihi kama wanafukuzwa. Mimi nikasoma! Nimesoma mpaka kifungu cha tatu, hapo nikasimama. Kimeandikwa hivi: mwezi wa kwanza ni wa majaribio, na meneja akiumaliza mwezi huo atapata birr elfu kumi na tano za uhakika.

Mwezi wa kwanza. Hawakusema siku thelathini. Wamesema mwezi!

Na kesho ni nini? Kesho ni Pagume! Mwezi wa kumi na tatu, kimkia cha mwaka, siku tano tu halafu kwaheri. Wenzangu wote wameandika wataanza Meskerem, baada ya sikukuu. Watasota siku thelathini, wapumbavu wa Mungu. Mimi nitapata mshahara uleule kwa siku tano, na Mwaka Mpya utanikuta nimekwisha kulipwa.

Nikamfuata Daktari Yonatan, nikamwambia nina hamu ya kazi, nataka kuanza kesho. Akauliza, mwezi wako wa majaribio uwe Pagume? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, una hakika, ndugu yangu? Nikasema tuandike kabisa. Akanitazama kwa muda, macho yakamlegea, kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia. Akaandika kwa mkono wake: Pagume. Nimemnasa!

Palikuwa na jambo dogo la kitambulisho cha shingoni na bidhaa chache za mfano. Hivyo hulipiwa. Nikamkumbuka Aselefech na senti yake. Lakini nilikuwa sina senti, nilikuwa na jogoo. Jogoo mwekundu, mnene, niliyemnunua awe zawadi ya Mwaka Mpya kwa Mzee Mekuria, wazee waende naye mkononi. Aselefech alisema senti. Jogoo hakumtaja.

Nimemuuzia Demeke. Amenipunja, lakini kwa mshahara ninaoutarajia nitanunua kondoo. Kondoo!

Jumanne, Pagume 1

Siku ya kwanza kazini. Sasa naijua kazi.

Tunauza Kiamsha Maji. Ni kijiti cha chuma, urefu wa kalamu mbili, ndani mna vijiwe vinavyocheza kama kayamba. Unakitia kwenye gilasi, unahesabu hadi mia, maji yanaamka. Daktari anasema maji yote ya mjini yamelala. Maji yaliyolala huleta maumivu ya magoti, presha, na mikosi ya ndoa. Ukiyaamsha, umepona. Nimekunywa gilasi tatu. Nimekwenda msalani mara tano. Yanaamka kweli.

Tena hatusemi kuuza. Ni mwiko. Tunasema kushirikisha.

Nimeshirikisha nyumba kumi na moja. Hakuna aliyeshirikishika. Nyumba ya nne walinifungulia mbwa, na mbwa naye hakutaka.

Kisha, nimekaa juu ya jiwe kupumzisha miguu, nikasoma mkataba kutoka kifungu cha nne kwenda mbele. Loo! Kifungu cha tano: meneja atahesabiwa amemaliza mwezi iwapo ameshirikisha vijiti thelathini. Thelathini kwa mwezi! Wenzangu wana kimoja kwa siku, taratibu, na kahawa katikati. Mimi nina sita kwa siku.

Si kitu. Mwezi mfupi haukosi jasho.

Jumatano, Pagume 2

Siku ya mfungo, kwa hiyo kila nyumba inapika shiro, mchuzi wa dengu usio na nyama, na kila mama yuko jikoni na hasira ya njaa. Si siku nzuri ya kumgongea mtu.

Mauzo ya leo: kimoja. Mama mmoja wa kule mtaa wa juu amekinunua bila kuuliza bei mara mbili. Nikafurahi mpaka nikashindwa kuondoka mlangoni. Nikamwona anakitumbukiza kwenye chungu na kukorogea shiro. Nikamwambia mama, hicho si mwiko. Akasema mwiko wake umevunjika jana, na hiki kina faida kwamba kikilia anajua mtoto ndiye anayekoroga. Nikaandika: mteja ameridhika.

Demeke amepita akivuma. Amekwisha kuonana na Bi Zenebech, na kazi ya kinu ameipata. Jogoo wangu amemfunga kamba mguuni mbele ya mlango wake, anamlisha tefu. Jogoo amenitazama. Sikulipenda lile tazamo.

Alhamisi, Pagume 3

Nimelowa. Nimelowa mpaka daftari. Herufi za leo zikionekana zimevimba, sababu ni hiyo.

Nilisahau ni siku ya malaika Rufaeli! Mimi, niliyezaliwa na kubatizwa mji huu! Mvua ya Rufaeli ni maji ya baraka, kila mtu anajua, na mwaka huu imeshuka saa nne asubuhi bila huruma. Watu wote wametoka uani. Watoto uchi wanarukaruka. Mabibi wamevua vitambaa kichwani. Ndoo, sufuria, mabeseni, hata kofia, kila chombo kimekinga maji ya mbinguni.

Mimi nikaona soko. Maji mengi kiasi hicho, na yote hayajaamshwa! Nikaingia ua mmoja wenye watu ishirini, nikapanda juu ya ngazi, nikatangaza kwamba maji waliyokinga yamelala, ila ninacho kifaa.

Bibi mmoja mwembamba akanijia, akauliza kwa sauti ya chini sana, maji ya Rufaeli yamelala? Nikasema kitaalamu, bibi, ndiyo. Akaniuliza mama yangu yuko wapi na kama anajua hali yangu. Kisha akawageukia wenzake, akasema huyu si mwizi, huyu ana pepo.

Wakanishika. Wamenimwagia ndoo ngapi sijui, niliacha kuhesabu ya tisa. Kwa nia njema kabisa! Kila ndoo wananiombea. Kijiti wamekitupa juu ya paa ili pepo likifuate huko. Wino wa kitambulisho changu umeyeyuka, umeneja wote umetiririka tumboni, shati limebaki na doa la buluu lenye umbo la jogoo.

Mauzo: hakuna. Ila mafua ya wiki nzima yamenitoka palepale. Lazima nikiri.

Ijumaa, Pagume 4

Asubuhi nilikuwa mtu aliyekwisha. Vijiti ishirini na tisa mbele yangu, siku mbili mkononi. Nikamwendea Daktari Yonatan na shati langu la doa. Akanipa moyo. Akasema vijiti ni kwa watu wadogo, wakubwa huleta watu. Mtu mmoja akijiunga chini yangu ni sawa na vijiti kumi. Watu watatu, nimemaliza mwezi! Mmoja ni mguu wa kushoto, mmoja ni mguu wa kulia, wa tatu sikumbuki ni kiungo gani.

Watu watatu. Nani watatu wanaoniamini katika dunia hii?

Wazee wangu!

Nimewapata wote kwa kinyozi, maana mmoja wao ndiye kinyozi. Mzee Shibabaw, kinyozi, ulimi mrefu. Mzee Lisanu, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa tarishi wa posta miaka thelathini. Na Mzee Wendimu, mwenye sikio moja, yaani analo jingine lakini halifanyi kazi. Nikawapeleka ukumbini. Nilidhani nitawavuta kwa kamba. Wapi! Walipopigiwa makofi walipoingia tu, nikajua nimewapata. Mzee Lisanu amebeba barua za watu miaka thelathini na hajawahi kupigiwa makofi hata mara moja. Alitokwa na machozi. Mzee Shibabaw alipanda jukwaani bila kuitwa. Mzee Wendimu alinunua kijiti akidhani ni mkongojo, akalalamika kwamba ni kifupi.

Wamelipa kwa akiba yao ya sikukuu. Moyo uliniuma kidogo. Mzee Lisanu alihesabu zake mara mbili, akalamba kidole katikati, akaniuliza, mwanangu, hii ni kazi kweli? Nikamwambia ni kazi kweli. Nami nilikuwa naamini. Ninaamini.

Aselefech amenikuta njiani jioni. Ameangalia doa la shati, akaniuliza kama nimekwisha kuwalipa. Nikasema senti sijatoa. Akauliza jogoo yuko wapi. Nikakohoa.

Jumamosi, Pagume 5

Siku ya mshahara! Niliamka saa kumi na moja, nikajipaka mafuta, nikavaa shati la doa kwa ndani na koti kwa nje. Saa mbili kamili niko ukumbini.

Daktari Yonatan alikuwa peke yake, anakunja bango. Nikamkumbusha mkataba, kifungu cha tatu. Mwezi nimeumaliza. Watu watatu nimeleta. Nikanyoosha kiganja.

Hakukataa! Alikubali kila kitu. Alisema sijawahi kuona kijana kama wewe. Kisha akakaa kitini, akavua miwani, akaniuliza taratibu:

"Gashaw, ndugu yangu, umewahi kusikia mtu amelipwa mshahara wa Pagume?"

Nikasema sijasikia. Akasema basi. Mishahara ya mwaka ni kumi na miwili. Serikali hailipi Pagume, benki hailipi Pagume, hata mlinzi wa hoteli hii halipwi Pagume, siku hizo tano kila mwajiriwa huzifanya bure, ni kama nyongeza ya muuza viazi. Mwezi niliuchagua mwenyewe. Yeye aliniuliza mara mbili.

Nikamgeukia mlinzi wa hoteli. Mlinzi akatikisa kichwa kwa huzuni. Ni kweli.

Sasa mimi ningejuaje? Sijawahi kufanya kazi ya mwezi! Jambo hilo analijua mtu aliyewahi kulipwa tu, na ndiyo maana nilitafuta kazi.

Nilikaribia kulia. Nimelia kidogo. Daktari akaniona, akafungua mkoba, akatoa cheti chenye mhuri wa dhahabu, akaniandikia palepale: Gashaw Teferra, Meneja Mshindi wa Mwezi, Nyota Saba Kimataifa. Nimewashinda mameneja wote waliofanya kazi mwezi huu. Nikauliza walikuwa wangapi. Alisema nilikuwa peke yangu, lakini ushindi ni ushindi.

Nimekiweka kwenye fremu. Niliitoa picha ya shangazi. Kesho wazee wanakwenda nacho. Nani atauliza mshahara mbele ya dhahabu?

Jumapili, Meskerem 1. Mwaka Mpya

Heri ya mwaka. Mwaka wa Luka, kwa zamu ya wale wainjili wanne, padri ametangaza asubuhi. Wasichana wamepita na maua ya njano wakiimba mlangoni kwangu. Niliwapa kijiti. Wamekirudisha.

Wazee wametoka saa tano, wamevaa shuka nyeupe, fremu kwapani. Mimi nimebaki chumbani nikitembea kutoka ukutani hadi ukutani. Ni hatua nne. Nimetembea saa tatu nzima. Sijawahi kutaka jambo kama nilivyotaka hili, na katika hatua zote hizo nilikuwa namwona Aselefech na pini zake, anatega sikio nyuma ya mlango.

Wamerudi saa nane wakiwa wameshiba. Mzee Lisanu amenihadithia.

Waliingia, wakakataa kukaa, kama desturi. Mzee Mekuria akawaambia kaeni. Wakasema hatukai, tuna jambo. Akasema basi semeni jambo. Hapo ndipo Mzee Shibabaw alipotakiwa kusema: tumekuja kukuomba mtoto. Ulimi ukateleza. Akasema: Mzee Mekuria, umewahi kujiuliza kama maji yako yamelala?

Hawakunyamaza tena! Mzee Lisanu akachovya kijiti kwenye gilasi ya mgeni. Mzee Wendimu, ambaye hakuwa amesikia lolote, akaanza kupiga makofi. Wameeleza mguu wa kushoto, wameeleza mguu wa kulia, wamemwonyesha Mzee Mekuria kwamba yeye anaweza kuwa kiungo cha nne. Nilimwuliza Mzee Lisanu, na mimi je? Mlinitaja? Akasema walinitaja mwishoni, kidogo, baada ya bei.

Mzee Mekuria aliuliza lile swali. Kijana anafanya kazi gani? Wakatoa fremu. Mzee Mekuria alikuwa karani wa mishahara wa shirika moja la reli maisha yake yote, jambo ambalo hakuna aliyenikumbusha. Alivaa miwani. Akasoma. Akauliza, mshindi wa mwezi upi? Mzee Lisanu, mtu mkweli, akasema Pagume.

Wanasema alicheka hadi akashikwa mgongo. Aselefech alitoka jikoni akidhani baba yake anakufa. Alipoelezwa hakucheka. Aliipangusa fremu kwa upindo wa nguo, akaiweka kifudifudi mezani.

Kisha wakala. Kitoweo cha jogoo, chenye mayai, kitamu ajabu. Demeke ndiye aliyemleta. Alikuwapo, suruali mpya, anaanza kinuni kesho. Wamemla jogoo wangu, wote, na Mzee Wendimu alipewa paja.

Na jibu? Nimemshika Mzee Lisanu mabega. Jibu la Mzee Mekuria neno kwa neno lilikuwa hili:

"Mwambieni sikatai. Aje siku atakapokuwa amekaa kazini mwezi mmoja kamili."

Jumatatu, Meskerem 2

Asubuhi Mzee Shibabaw alikwenda ukumbini kushirikisha. Amekuta ubatizo wa mtoto. Mhudumu amesema Daktari aliondoka juzi mchana na bango lake, na hoteli inamtafuta kwa ajili ya kodi ya ukumbi na viti kumi. Wazee wangu wamekaa kwa kinyozi, vijiti mapajani. Mzee Lisanu aliniona, akageuza uso. Ningependa zaidi anitukane.

Aselefech amekuja saa mbili na nusu. Amesimama mlangoni, hana pini hata moja mdomoni. Amesema baba yake ana moyo laini, baba mwingine asingewapa wazee wale hata hilo. Amesema jana usiku amemwendea Bi Zenebech tena, akamwangukia miguuni. Tefu mpya inakaribia, magunia yatakuwa mengi, kinu kinataka mtu wa pili, chini ya Demeke. Mwisho wa kungoja ni saa tatu kamili leo.

"Sitakuja kukuambia mara ya tatu, Gashaw. Siku thelathini tu. Nenda sasa hivi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia naenda. Nilimaanisha kabisa. Nimevaa viatu vyote viwili.

Nilipogeuka kuchukua kofia nikaiona kalenda mpya ukutani. Na hapo maneno ya Mzee Mekuria yakanirudia. Mwezi mmoja kamili. Nikakaa kitandani. Mwezi mmoja. Karani mzima wa mishahara, mtu wa hesabu, na hakusema upi!

Sasa ni saa nne na robo. Kinu kinasikika hadi hapa, na Demeke bila shaka anavuma juu ya magunia. Mwache. Nimechora duara jekundu kwenye Pagume ijayo. Nitaingia kinuni tarehe moja, nitatoka mwisho wa mwezi, na wazee wangu, wakishanisamehe, watarudi kwa Mzee Mekuria siku inayofuata. Hana pa kutokea! Kuna tatizo moja tu. Mwaka wa Luka una Pagume ya siku sita. Siku nzima ya zaidi, ya magunia! Lakini kwa ajili ya Aselefech nitavumilia.